Kurekodi ngoma nyumbani Lamu: anza na ngozi, maliza na kompyuta

Ngoma ikipigwa barazani inagonga mpaka kifuani. Ikirekodiwa chumbani inatoka kama debe tupu. Wengi hapo hukimbilia kompyuta, wakaongeza besi, wakaweka kompresa (ya kubana sauti), wakatafuta plagini mpya (programu ndogo ya nyongeza), na debe likabaki debe, ila sasa lina kelele zaidi. Karibu kila mara kosa liko kabla ya kompyuta: kwanza ngozi, kisha chumba, kisha maiki ilipowekwa, kisha geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia. Kompyuta ni ya tano, na hatua nne za mwanzo zikienda vizuri haibakiwi na kazi kubwa.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye laptopu, intafesi (kisanduku cha kuunganisha maiki na laptopu) ya milango miwili au minne, maiki moja hadi nne, na chumba cha kawaida katika nyumba ya mawe. Ngoma tunazozungumzia ni zile za chakacha na za harusini, yaani msondo, vumi na chapuo, pamoja na tari, dumbak na rika, lile tari dogo lenye vijisahani. Mwisho kuna neno kwa wanaochanganya ngoma za mkono na biti ya kompyuta.

Ngozi

Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu wa hewa, na kisiwani unyevu haukosekani. Masika yakiingia na kusi likavuma, ngozi iliyokuwa imekaza vizuri wakati wa kaskazi inalegea. Sauti inashuka, kofi linakosa mlio, na pigo la katikati linakuwa "bu" lisilo na mwisho. Hakuna kitufe cha ikwalaiza, ile ya kupunguza na kuongeza besi na sauti za juu, kinachokaza ngozi.

Wapigaji wanajua dawa, nayo ni moto. Washa makuti makavu au makumbi nje, elekeza uso wa ngoma kwenye moto kwa umbali wa sentimita 60 hivi, na uizungushe bila kusimama kwa dakika tatu hadi tano. Gusa ngozi kwa mgongo wa kiganja: iwe na joto unaloweza kulivumilia. Halafu gonga kwa kidole kimoja pembeni, karibu na kila kigingi, usikie kama mlio ni mmoja. Upande ulio chini ya wenzake urudishe motoni peke yake. Ukiikaribiza mno ngoma, ukingo hukauka kabla ya katikati, na ngozi huchanika pale pale kwenye vigingi, hasara ambayo hairekebishiki siku hiyo.

Usilete jiko la makaa ndani ya chumba ulichofunga madirisha kwa ajili ya kurekodi. Gesi ya makaa haina harufu wala rangi, na inaua. Ukihitaji joto la ndani tumia mashine ya kukausha nywele, moto wa chini, kwa kuizungusha juu ya ngozi.

Tatizo la studio ni kwamba joto halikai. Katika hewa ya majimaji ngoma inaanza kushuka tena ndani ya robo saa, na ndogo haishuki kwa mwendo mmoja na kubwa. Ukirekodi chapuo saa nne na vumi saa tano, zinaweza kugombana hata kama kila moja peke yake inasikika vizuri. Kwa hiyo zipashe zote pamoja, na mwanzoni mwa kazi rekodi mapigo matatu ya wazi ya kila ngoma. Hayo ndiyo mapigo ya rejea. Kabla ya kila mkondo mpya, yaani kila mara unapoanza kurekodi upya, piga, linganisha, na kama imeshuka irudishe motoni. Dumbak ya chuma yenye uso wa plastiki haina shida hii, ndiyo maana wengi wanaipenda kwa kurekodi, ingawa "dum" yake haifikii joto la ile ya udongo yenye ngozi.

Kisha watafute wapiga kelele wa siri. Piga vumi kwa nguvu mara moja, unyamaze, usikilize. Kigingi kilicholegea, kamba inayogonga ubao, pete na bangili za mpigaji, dirisha lisiloshikwa komeo. Katika nyumba za Lamu mshukiwa mkuu ni zidaka, vile vishubaka vya ukutani: sahani na vikombe vilivyopangwa humo hutetemeka kila vumi likipigwa, na maiki huvisikia kabla ya masikio yako. Viteremshe, au uweke kitambaa chini ya kila kimoja.

Chumba

Chumba cha nyumba ya mawe kina sura yake. Upana wake unafuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo vyumba vingi ni virefu na vyembamba, mita 2.5 hadi 2.8 kati ya ukuta na ukuta. Kuta ni nene, zimelambwa chokaa, na haziruhusu sauti kutoka. Hilo ni zuri kwa jirani. Kwa ngoma lina gharama mbili.

Gharama ya kwanza ni mwangwi wa haraka. Simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja kali. Ukisikia "trrrr" ya haraka baada ya kofi, ni sauti inayorushwa kati ya kuta mbili zinazotazamana. Katika upana wa mita 2.8 inagonga ukuta kila baada ya milisekunde 8. Kofi la chapuo likirekodiwa hapo linatoka na mkia wa chuma ambao hauondoki tena.

Huhitaji kuta zote, huhitaji hata nusu. Simamisha magodoro mawili, moja kila upande, yakitazamana kwenye usawa wa ngoma na maiki. Godoro la sufi ni zuri kuliko la sponji jepesi kwa sababu ni zito. Liache umbali wa sentimita 10 kutoka ukutani, kwa maana godoro lenye hewa nyuma yake hunyonya sauti za chini zaidi kuliko lililobanwa na ukuta. Sakafuni tandika jamvi na juu yake zulia. Tanga kuukuu la jahazi likikunjwa mara nne na kutundikwa kwa ulegevu linafaa. Leso moja iliyoning'inizwa haifai: inakata sauti za juu kabisa tu, chumba kinabaki na kelele ile ile ila sasa kimefifia. Trei za mayai nazo ziache zibebe mayai.

Dari la boriti na mawe ni rafiki. Halikai bapa, kwa hiyo linatawanya sauti badala ya kuirudisha nzima. Zidaka tupu ukutani zinafanya kazi hiyo hiyo. Ukiwa na hiari ya chumba, chagua chenye zidaka kuliko chenye ukuta mtupu, na umweke mpigaji akizipa mgongo.

Gharama ya pili ni besi, na hapa ndipo wengi hupotea. Kuta mbili zilizo mita 2.8 mbali huipa nguvu sauti moja ya chini: kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri mita 349 hivi kwa sekunde, na nusu ya wimbi la Hz 62 (mitetemo 62 kwa sekunde) ni mita 2.8 hivi. Chumba cha mita 2.5 kinafanya hivyo kwa Hz 70. Vumi likipigwa karibu na sauti hiyo, pigo moja linavimba na kukawia huku mapigo mengine yakiwa ya kawaida. Kama kimo cha dari kinakaribiana na upana, uvimbe unazidi, kwa kuwa pande mbili zinasukuma sauti moja.

Godoro halitakusaidia hapo. Ili kunyonya Hz 62 vizuri ungehitaji unene wa zaidi ya mita moja, na chumba kingekwisha. Lakini uvimbe huo hauko sawa kila mahali: ni mkubwa ukutani na mdogo katikati ya upana. Mwambie mpigaji apige vumi polepole bila kubadilisha nguvu, wewe utembee kutoka ukuta mmoja hadi wa pili ukiwa umeziba sikio moja. Utasikia besi ikipungua na kurudi. Ikiwa rekodi yako inavuma mno, sogeza maiki na ngoma kuelekea katikati. Ikiwa ni nyembamba, zisogeze kuelekea ukutani. Sentimita 40 zinabadilisha mengi kuliko plagini yoyote. Njia nyingine ni kuipasha ngoma kidogo zaidi, ipande juu ya ile sauti ya chumba, au kuiacha ipoe ishuke chini yake.

Na juu, chini ya paa la makuti? Makuti hayarudishi sauti, na pande nyingi ziko wazi, kwa hiyo ngoma inasikika kavu na safi kuliko chumba chochote cha chini. Tatizo ni upepo. Unanguruma kwenye maiki chini ya Hz 100, pale pale vumi linapoishi, na ukiukata kwa ikwalaiza unakata vumi pia. Kuna pia mchakacho wa makuti yenyewe. Siku za kati ya kaskazi na kusi, ambapo hewa imetulia, juu ni mahali pazuri kuliko pote. Siku nyingine rekodi huko chapuo, tari na rika, ukiwa na kifuniko cha sponji kwenye maiki, na vumi uliteremshe chini.

Kelele, umeme na chumvi

Huwezi kuwanyamazisha punda. Unaweza kuchagua saa. Kati ya saa tatu na saa tano asubuhi hakuna adhana, na anayelala mchana hajalala bado. Usiku baada ya isha ni kimya zaidi, lakini vumi hupita kwenye mlango wa mbao na uwazi wa kiwanda cha kati, yaani ua wa ndani ya nyumba, kama mlango haupo. Waombe ruhusa majirani na umalize mapema. Zima feni na friji. Washa friji tena ukimaliza, watu husahau.

Umeme wetu ni wa Hz 50, na mguno wake huonekana kwenye Hz 50, 100 na 150. Nyaya za nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi unaoaminika. Tiba ya haraka ni kuchomoa chaja na kurekodi kwa betri ya laptopu, ikiwa intafesi inachukua nguvu kupitia USB. Mguno ukiondoka, chaja ndiyo mkosa. Kurekodi kwa betri kuna faida nyingine: umeme ukikatika katikati ya mkondo bora wa siku, hupotezi kitu.

Maiki za kondensa, zile zinazosikia hata sauti ndogo, hazipendi unyevu. Zikinyonya maji ya hewa hutoa vishindo vidogo na mkwaruzo usiotabirika. Ikikutokea, ichomoe na uiache mahali pakavu mpaka ikauke. Hifadhi maiki zote kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu. Pini za XLR, zile za waya wa maiki, hushika kutu ya chumvi, kwa hiyo zifute mara kwa mara. Na vifaa vinapovuka kutoka Mokowe, upande wa bara, vifungwe ndani ya plastiki mbili, si mfuko wa kitambaa uliowekwa chini ya boti.

Maiki

Kwa ngoma za mkono maiki ya dainamiki, kama Shure SM57 au SM58, inatosha kwa kazi nyingi. Inavumilia kelele kubwa, haijali unyevu sana, na haioni haya ya chumba kibaya kwa sababu huwekwa karibu na ngoma. Kondensa inasikia ncha za vidole na vijisahani vya rika, lakini inasikia pia chumba chote. Ukiwa na moja tu ya kununua, na chumba chako hakijatulia, nunua dainamiki.

Jambo moja la kushika: maiki ya kadioidi, ile inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, ikiwa ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye ngoma huongeza besi, na kadiri unavyoikaribiza ndivyo inavyozidi. Hiyo ni ikwalaiza ya bure. Vumi jembamba likaribie. Msondo unaovuma mno urudi nyuma sentimita 10.

*Maiki moja.* Usiidharau. Panga wapigaji nusu duara, maiki mbele yao kwa mita 1.2 hadi 1.5, kimo cha kifua. Hapa mizani haifanyiki kwa vitufe, inafanyika kwa miguu. Rekodi nusu dakika, sikiliza kwa hedifoni, anayezidi arudi nyuma. Umbali ukizidishwa mara mbili, sauti yake ya moja kwa moja inashuka kwa dB 6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo hatua moja inasikika. Upatu wa kugonga uweke mbali kabisa, mita mbili au zaidi, nyuma ya maiki ya kadioidi ambako ni kiziwi. Ukiuacha mbele, kila ngoma itakuwa na upatu ndani yake, na hutautoa. Vigelegele navyo viwe mbali: wanaovipiga wasimame nyuma ya wapigaji.

*Maiki mbili.* Ya kwanza ibaki pale pale mbele. Ya pili iende kwenye vumi, sentimita 5 hadi 8 juu ya ngozi, ikilenga nusu ya njia kati ya ukingo na katikati. Ukilenga katikati unapata kishindo kisicho na sauti ya noti. Ukilenga ukingo unapata mlio mrefu usio na uzito.

Hapa panatokea hitilafu inayowachanganya wengi: maiki ya pili imeongezwa, na vumi limekuwa jembamba badala ya kunenepa. Sababu ni muda. Maiki ya karibu inasikia pigo kwanza. Ile ya mbele, iliyo mita 1.45 nyuma zaidi, inalisikia milisekunde 4.2 baadaye. Ukizichanganya, mawimbi ya karibu Hz 120 yanakutana yakiwa kinyume na kufutana, na Hz 120 ndiyo mwili wa vumi. Dawa yake iko kwenye programu: vuta traki ya karibu nyuma, yaani ichelewe milisekunde 4.2, ambazo kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde ni sampuli 200. Pima umbali kwa utepe, gawa kwa mita 349, umepata muda. Au kuza picha ya wimbi hadi uone kilele cha pigo moja kwenye traki zote mbili, uvilinganishe kwa macho, kisha uamue kwa masikio.

*Maiki tatu au nne.* Ngoma iliyo wazi chini, kama msondo na dumbak, ina sauti mbili. Juu kuna kofi na vidole, chini kuna pumzi. Weka moja juu kama ilivyoelezwa, na nyingine sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye mdomo wa chini, imeinamishwa pembeni kidogo ili isipigwe na upepo unaotoka. Ngozi ikishuka, juu hewa inavutwa na chini inasukumwa, kwa hiyo traki mbili hizi ziko kinyume tangu mwanzo. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi (kinachopindua wimbi juu chini), chenye alama ya Ø, kwenye traki ya chini. Besi ikijaa, hapo ndipo. Ikinyauka, kirudishe. Ngoma yenye ngozi pande mbili, ukiweka maiki kila upande, ipimwe hivyo hivyo. Maiki za wapigaji tofauti ziwe mbali kati yao angalau mara tatu ya umbali wa kila moja na ngoma yake.

Tari halitaki kukabiliwa uso kwa uso. Maiki ikiitazama ngozi moja kwa moja kwa karibu inakusanya mvumo tu. Iweke sentimita 30 hadi 40, pembeni kwa nyuzi 45, ili ipate ukingo na ngozi kwa pamoja. Matari mengi ya maulidi yakipigwa kwa safu, maiki moja juu ya usawa wa vichwa, mita moja mbele ya safu, inashinda maiki sita za karibu: uzuri wa safu hiyo ni kuchanganyika kwake. Rika ipewe sentimita 50, la sivyo vijisahani vitachoma masikio.

Mwenye simu peke yake asikate tamaa. Simu nyingi hushusha na kupandisha geini zenyewe, na ngoma huzifanya zihemeheme: pigo kubwa linazama, kelele ya chumba inapanda baada yake. Tafuta programu ya kurekodi inayotoa faili za WAV na kuruhusu kuzima marekebisho hayo, weka simu mita mbili mbali, na usiishike mkononi.

Geini

Rekodi kwa biti 24 na kasi ya 48,000. Kila traki itakula MB 8.6 kwa dakika. Mwambie mpigaji apige kwa nguvu zake zote, si kwa nguvu za majaribio, maana watu hupiga kwa adabu wakati wa kupima na kwa hasira wakati wa kazi. Vilele vifike kati ya dB -12 na -10. Itaonekana ndogo, kwa biti 24 haina hasara yoyote. Kofi la ngoma lina ncha fupi kuliko taa za intafesi zinavyoweza kufuata, na ncha ikigonga sifuri inakatika, ikaacha mkwaruzo ambao hauponi.

Mdundo

Chakacha huhesabiwa sita kwa nane: kila pigo kuu hugawanyika mara tatu. Programu nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa kwa hesabu ya nne kwa nne. Ukiwa na mwendo wa mapigo makuu 120 kwa dakika, pigo ni milisekunde 500, na kigawo chake cha tatu kinaangukia kwenye 333. Ukibonyeza kitufe cha kunyoosha mdundo kwa gridi ya kugawa mara nne, nafasi za karibu ni 250 na 375, na pigo lako linacheleweshwa milisekunde 42. Ngoma nzima inaanza kuchechemea, na mtu hajui kwa nini. Badilisha hesabu kabla ya kurekodi, na hata hivyo usinyooshe kila kitu. Sehemu ndogo za kuwahi na kuchelewa za mpigaji mzuri ni makusudi.

Kama wimbo ni ngoma na sauti tu, achana na metronomu. Ikibidi, mpe mpigaji mmoja tu, aliye mtulivu kuliko wote, kwa hedifoni zilizofunga masikio, na wengine wamfuate yeye.

Kompyuta

Audacity, programu ya kurekodi, ni ya bure na inatosha kwa traki mbili. Reaper inajaribiwa bure kwa siku 60 na leseni yake ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa kazi ya maiki nne inafaa zaidi.

Anza kwa kukata. Ondoa kila kitu chini ya Hz 40 kwenye vumi, chini ya Hz 80 kwenye chapuo na tari, chini ya Hz 200 kwenye rika. Sauti ya debe iko kati ya Hz 300 na 500: punguza dB 3 hapo, usikilize, simama. Kofi na vidole viko kati ya Hz 2,000 na 5,000, na dB 2 za kuongeza hutosha. Ukijikuta unaongeza dB 8 za besi kwenye vumi, funga laptopu urudi kwenye maiki.

Kompresa ndiyo inayoua ngoma nyingi. Kosa ni ataki fupi, yaani muda wa kompresa kuanza kubana: kompresa inalikamata kofi lenyewe, na kinachobaki ni mkia. Weka ataki milisekunde 20 hadi 30 ili ncha ipite kwanza, rilizi (muda wa kuachia) 80 hadi 150, uwiano wa nne kwa moja, na kizingiti kishushwe hadi sindano ionyeshe dB 3 au 4 za kupungua kwenye mapigo makubwa. Geti usiitumie. Vidole vidogo kati ya mapigo makubwa vina sauti hafifu, geti inadhani ni kelele na kuvifuta, na mdundo unabaki mifupa.

Mwangwi wa bandia unaweza kuuepuka kabisa, kwa kuwa nyumba unayo. Chukua spika ndogo, iweke kwenye kiwanda cha kati au kwenye choo chenye birika, lile tangi la maji lenye samaki, cheza traki ya chapuo, na urekodi kwa maiki iliyo mita tatu mbali, ikiupa mgongo mdomo wa spika. Kata chini ya Hz 200 kwenye traki hiyo na uichanganye kwa kiasi kidogo. Mtu asijue kama ipo, ila ukiizima ajue kuna kitu kimeondoka. Samaki wa birikani hawatajali.

Ukichanganya na biti

Kiki ya kompyuta, yaani pigo zito la biti, na vumi wanagombea kiti kimoja. Amua nani anakalia. Kama vumi ndilo la chini, kata kiki chini ya Hz 100 na uiache itoe kishindo cha juu tu. Kama ni kiki, kata vumi hapo hapo na ulipandishe kidogo Hz 120 hadi 200. Zikipigwa pamoja, jaribu kitufe cha fezi kwenye mojawapo, na ubakie na upande wenye uzito zaidi. Biti na ifuate ngoma: rekodi wapigaji kwanza, weka alama za mapigo makuu kwenye rekodi yao, na uiambie programu ifuate alama hizo. Kuwalazimisha wapigaji wafuate lupu ya dakika nne kunawachosha, na kunasikika.

Wasikilizaji wako wengi watasikia kwa simu, na spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200. Vumi la Hz 70 litatoweka. Weka sachuresheni (mkwaruzo kidogo wa makusudi) kwenye traki yake ili izae Hz 140, 210 na 280. Sikio likisikia hizo hujaza lenyewe ile ya chini. Jaribu kwa simu, kwa hedifoni, na kwa spika ya bluetooth ukiwa chumba cha pili.

Wimbo mzima ukiwa tayari, usiusukume kwenye limita, ile inayokata vilele, mpaka uwe ukuta. Spotify na YouTube hushusha nyimbo hadi karibu LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa wimbo mzima), kwa hiyo kelele ya ziada inarudishwa chini, na makofi uliyoyakata hayarudi. Acha vilele kwenye dB -1, hifadhi faili la WAV mahali pawili, na uweke ule mradi wote, traki moja moja, kwenye diski iliyo ndani ya sanduku lile lile lenye silika.